Ishirini na Watatu wa Mama Mmoja

2 Machi

Mjukuu ameondoka leo asubuhi na mkoba wake mgongoni. Ameniachia daftari hili, chupa sita za jemu, kibanio kama cha kung'olea nyusi, kioo cha kukuzia, na amri. Amri ya kwanza: nisisugue ukuta wa nyuma ya jiko.

Ukuta ule nimeusugua kila mwaka kabla ya mvua tangu nilipoingia nyumba hii bibi harusi. Burashi ya waya na sabuni. Haupati jua, kwa hiyo unaota ukoga wa kijani na kijivu kama meno ya mtu asiyejua mswaki. Sasa naambiwa niuache ukoga uote, tena niutunze.

"Bibi, ule si uchafu. Ni kuvumwani, kuvu na mwani vilivyoota pamoja."

Nikamwambia, hata ukimwita inzi kwa jina la baba yake, akitua kwenye chakula ni inzi tu.

Sababu yenyewe ni nondo. Kuna ukoo mmoja wa nondo, mdogo kwelikweli, wanne tu dunia nzima ndio waliopewa majina. Wanakaa kwenye droo moja huko anakosoma, na nusu ya droo iko tupu. Aliyeuandika ukoo huo alikufa zamani, naye aliona wafu watupu, tena madume, wamekauka kama maganda ya vitunguu. Mjukuu anasema huyu wa ukuta wangu ni wa tano, hajaandikwa popote. Wenzake wana doa moja jeusi kwenye bawa, huyu ana mawili, na pindo la njano. Anataka kumwandika. Lakini jike lake hajaliona mtu, wala watoto wake, na mwalimu amesema bila jike kazi haipokei. Miaka mitatu ya masomo imekwama hapo.

Kazi yangu ni kuhesabu wanaotua chini ya taa ya nje kila alfajiri, na kumtafuta jike. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini kuhesabu najua, na macho ninayo.

3 Machi

Sita.

4 Machi

Wanne. Mmoja kakatika bawa. Nimemhesabu hivyo hivyo, hata mimi goti moja halifanyi kazi na bado nahesabiwa.

7 Machi

Watano. Jirani yangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kufuli kwa sababu anafunga kufuli mpaka ndoo ya maji, amechungulia juu ya uzio.

"Jirani, mwaka huu husugui?"

"Sisugui."

"Unaumwa?"

"Niumwe nini? Mjukuu wangu anausomea."

"Anasomea nini?"

"Nondo."

"Aa, ujenzi! Basi si angekupigia lipu?"

Nikamweleza si nondo za chuma, ni hawa wadudu wa taa. Alicheka mpaka akaushika uzio. "Miaka yote ile shuleni, amekuja kusomea wadudu wa taa! Na wewe umekubali ukuta uote ndevu!"

Nikafunga mlango. Cherehani yake imenguruma tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Watu wengine wakipata wateja lazima mtaa mzima ujue.

11 Machi

Mvua imeanza. Wawili tu. Mjukuu kaandika kwenye simu: "Bibi, wangapi?" Maneno mawili. Si shikamoo, si umeamkaje. Mtoto huyu nilimlea mimi tangu mama yake alipokwenda kutafuta maisha, nikamkanda mafua, nikamfuta makamasi, leo ananiuliza nondo wangapi. Nimemjibu: "Shikamoo. Wawili."

Akajibu: "Marahaba, mke mwenzangu." Nimecheka peke yangu, halafu nikanyamaza, maana kicheko katika nyumba tupu kinarudi kukutazama.

Mezani kuna viti sita. Watoto watano na baba yao. Siku hizo mimi nilikula nimesimama. Sasa nakalia kimoja, na vitano nimeviwekea chupa.

13 Machi

Leo nitaandika kirefu.

Alfajiri, mvua imekatika, nimekwenda na fagio kuondoa maji nyuma ya jiko. Ukutani, chini, nikaona kitu mfano wa kupe. Cha kahawia, kinene, kina manyoya, kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikainua fagio. Mkono ukasimama wenyewe. Kando yake walikuwa wametua nondo wetu, wa madoa mawili, saba, wamemzunguka, wanatetemesha mabawa, mmoja anamsukuma mwenzake. Chini ya taa siku hiyo hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa pale.

Mimi nimezaa watoto watano. Sihitaji kioo cha kukuzia kujua vijana saba wanatafuta nini mlangoni kwa watu asubuhi.

Nikampigia mjukuu. Nikamwambia jike ninalo, na halina mabawa.

"Bibi, nitumie picha."

Nikatuma. Sauti ikaja ile ya kumwelekeza mtu mzima kama mtoto. "Bibi, huyo tunamjua. Yuko kwenye droo nyingine kabisa, ukuta wa pili wa chumba. Mwalimu wangu mwenyewe ndiye aliyempanga humo. Ni ukoo mwingine."

"Na hawa saba wamemfuata ukoo mwingine kufanya nini? Kumpa pole?"

"Labda ni unyevu tu. Bibi, tafadhali, usichanganye mambo. Wewe hesabu."

Usichanganye mambo! Nimekata simu. Mwalimu amekaa na maiti kwenye droo, kanipita mimi niliye na walio hai?

Nimemchukua yule mnene kwa kibanio, nikamtia kwenye chupa, na dume mmoja, yule aliyekuwa anawasukuma wenzake. Mwenye bidii apewe.

15 Machi

Ametaga. Mayai thelathini na moja, ya rangi ya maziwa, juu ya kipande cha lipu nilichobandua ukutani. Kisha akayanyoa manyoya yake mwenyewe ya tumboni na kuyafunika. Nimekaa kumtazama mpaka chai ikapoa.

18 Machi

Mama mtu amekufa. Hakula kitu tangu nimtie. Nimemtazama kwa kioo: hana mdomo.

23 Machi

Wametoka! Ishirini na watatu. Mayai manane yameharibika. Wembamba kuliko uzi wa cherehani, weusi, na kila mmoja ana nywele mbili kichwani zimesimama. Nimewabandulia ukoga mpya na wanaula. Ukoga wangu ambao nimekuwa nikiusugua miaka arobaini, kumbe nilikuwa nawasugua hawa humo.

24 Machi

Nimemtumia mjukuu picha, na safari hii amepiga yeye.

"Bibi, hao viwavi ni wa yule asiye na mabawa?"

"Niliyekuambia. Uliyeniambia nisichanganye."

"Wote wa mama mmoja? Una hakika?"

"Nilikuwapo wakati wa uzazi."

Akanieleza polepole, na nimeelewa: viwavi hawa wakikua, halafu kutoka kwa mama huyu mmoja wakatoka wenye mabawa na madoa mawili, na wasio na mabawa, basi droo mbili zitakuwa moja. Mwalimu atakuwa amekosea, na kazi ya mjukuu itapita. Lakini wasichanganywe hata na mmoja wa ukutani. Wa nje akiingia, hakuna atakayejua mtoto ni wa nani, na ushahidi umekufa.

"Kila Jumatatu unipigie picha na kuniandikia idadi. Bibi, kazi yangu yote iko kwenye chupa yako."

Nikamwambia alale salama, mimi sijawahi kupoteza mtoto wa mtu.

29 Machi

Ishirini na wawili. Mmoja hakuamka.

5 Aprili

Ishirini na mmoja. Mvua siku ya nne. Nguo hazikauki, shuka linanuka. Ng'uu ng'uu ng'uu, cherehani ya jirani. Nimegonga ukuta kwa mwiko.

9 Aprili

Ishirini na mmoja. Wamenenepa. Nawasalimu asubuhi. Si wazimu, ni adabu.

14 Aprili

Leo nimefanya jambo.

Chupa ilikuwa inanuka. Choo chao chembechembe nyeusi chini, ukungu mweupe pembeni, kioo kimefunga jasho. Siku tatu nimekuwa nikiitazama nikiwashwa na mikono. Mimi si mwanamke wa kuweka chombo kichafu juu ya kiti cha mezani. Asubuhi nimewatoa kwenye sahani mmoja mmoja, nikaiosha chupa kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikaisuuza mara moja, nikaifuta, ikang'aa. Nikawarudisha. Nilijisikia vizuri kweli.

Saa sita nikaenda kuwapa ukoga. Walikuwa wamelala chini, wamejikunja kama kucha zilizokatwa. Nilidhani wamelala usingizi. Nikapuliza. Nikawagusa kwa kibanio. Nikavuta harufu ya chupa, na dawa ikanipanda puani.

Kumi na saba. Wazima wanne, wale waliopanda juu kwenye kitambaa kilichofunika chupa.

Nilikaa. Sikumbuki nilikaa muda gani, mvua ilinyesha ikakatika ikanyesha tena. Nilikuwa nafikiri leo Jumatatu. Nilikuwa nasikia sauti yake ikisema wewe hesabu. Atasema nini? Hatasema kitu. Ndiyo tabia yake, mtoto huyu, akiumia hunyamaza. Atasema "Haya Bibi," kisha simu haitalia tena mpaka mtu afe.

Wale wanne niliwahamishia kwenye glasi ya chai, nikaifunga kitambaa, nikaiweka kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Kisha nikachukua kibanio na mwavuli, nikatoka nyuma ya jiko. Ukutani viwavi wamejaa. Wako vilevile, na nywele zao mbili. Nikaokota kumi na saba.

Nikaosha chupa nyingine, safari hii kwa maji matupu. Nikawatia. Kumi na saba, na kabla ya kupiga picha nikawahamishia wale wanne kwa dakika mbili, waonekane pamoja. La, hilo si kweli. Nilitaka kuwahamishia, nikashindwa. Nikaokota wanne wengine ukutani.

Nikapiga picha. Nikaandika: ishirini na mmoja.

Kiwavi hana kitambulisho. Nani atajua?

15 Aprili

"Bibi! Hujapoteza hata mmoja tangu tarehe tano! Nimemwonyesha mwalimu, akasema hata kwenye maabara hawafiki hivyo. Unatumia njia gani?"

Nikasema: "Usafi."

22 Aprili

Anapiga kila siku sasa. Siyo wangapi, wangapi tena. Jana alinisimulia chumba chake, dirisha lisilofungika, rafiki yake anayekoroma. Akaniuliza goti linaendeleaje. Nikamwimbia ule wimbo wa kumtisha asilie alipokuwa na surua, akacheka na mimi nikacheka, na saa ikapita.

Nikikata simu naitazama ile glasi dirishani.

1 Mei

Mmoja wa wale wanne amekufa. Watatu.

9 Mei

Wa chupa kubwa wanaanza kujifungia kwenye vifukofuko. Wa glasi bado.

Mjukuu amesema maelezo ameshayaandika, bado wakitoka tu ajaze mwisho. Akanisomea: "Viwavi ishirini na watatu wa mama mmoja, waliobaki hai ishirini na mmoja." Amesema hiyo itasomwa na watu mpaka nchi za mbali, na itabaki hata sisi tukifa. Nikamwambia ngoja nikuambie kitu.

"Kitu gani, Bibi?"

"Kula. Sauti yako nyembamba."

14 Mei

Wa glasi nao wamejifungia, watatu wote. Kila mmoja ameng'oa manyoya yaliyomwota mwilini akajisukia nyumba.

17 Mei

Mvua kubwa. Paa la Mama Kufuli limevuja, amekuja na beseni kichwani kuomba hifadhi. Sikuweza kumfukuza. Nilitoa chupa kwenye kiti kimoja, akaketi. Tangu mwaka huu uanze hakuna mtu aliyeketi kiti kile.

Akatazama chupa. "Hawa ndio wadudu wa taa?"

"Hawa siyo. Wale watatu wa glasi ndio."

"Na hawa wengi ni nini?"

"Ni uongo," nikasema. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke, ningempiga na beseni lake. Hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi, akasema:

"Unaisikia cherehani yangu?"

"Kama sina masikio! Tangu saa mbili. Unashona nguo za jeshi gani?"

"Sishoni kitu. Haina uzi."

Nikamtazama.

"Tangu mwaka juzi, jirani. Watu wananunua zilizoshonwa. Lakini nikinyamaza mtaa utasema yule mama kaisha. Basi asubuhi nafungua dirisha nakanyaga. Na binti yangu akipiga simu naenda kukaa karibu nayo, nakanyaga, namwambia, sema haraka mama, nina wateja." Akacheka kidogo. "Siku hizi hapigi. Anaogopa kunisumbua."

Nilikuwa nimemnunia mwanamke huyu miaka miwili kwa ajili ya kelele. Na kila siku alikuwa amekaa peke yake upande wa pili wa ukuta anakanyaga hewa.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Mwambie mtoto. Mimi wangu nimeshamfukuza kwa wateja wangu. Wewe wako anapiga kila siku."

"Anapiga kwa sababu ya uongo."

"Sasa si anaongea na uongo, haongei nawe."

Nikamwambia amekuja kukinga mvua au kuhubiri? Lakini nikamwongezea chai.

18 Mei

Kwa mdomo nisingeweza. Nimeupiga picha ukurasa wa tarehe 14 Aprili, wote, na mwandiko wangu wa kuku, nikautuma. Chini yake nikaandika: "Watatu wa kweli wako hai. Wengine wote usiwaandike."

Kisha nikaibeba glasi mpaka kwa Mama Kufuli. Nikamwambia: "Una sanduku lenye kufuli?"

"Unamuuliza nani?"

"Tia glasi hii humo. Toboa matundu ya hewa. Ufunguo ukae shingoni kwako, na mimi usinipe hata nikilia. Wakitoka, tufungue wawili, tutazame wawili, na wewe uandike jina lako na mimi langu."

Ametoa sanduku la bati la vifungo. Akamwaga vifungo vyote mezani. Akafunga kufuli mbili.

19 Mei

Kimya.

20 Mei

Kimya. Watatu chini ya taa.

21 Mei

Nimeiweka simu kwenye sahani ili ikilia isikike.

24 Mei

Kimya. Cherehani pia haikunguruma wiki hii. Nimekwenda kumwangalia kama hajafa. Alikuwa anapanga vifungo kwa rangi. Tukapanga wote.

28 Mei

Wa chupa kubwa wanatoka. Wapo wenye mabawa, wapo wasio nayo. Kwa macho yangu imetosha, nilisema kweli tangu siku ile ya fagio. Lakini kweli niliyoichafua mwenyewe haimfai mtu. Nimewafungulia ukutani. Sikuwahesabu.

3 Juni

Mama Kufuli ameniita asubuhi kwa kugonga ukuta. Tumefungua. Mmoja wa watatu ametoka: dume, mabawa yamekauka, madoa mawili, pindo la njano. Tumeandika majina. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu, sikumwambia.

5 Juni

Wa pili. Dume.

Kwa hiyo kimebaki kifukofuko kimoja. Kikitoka dume, basi mama mmoja kazaa madume tu, na hakuna droo itakayoguswa. Kumi na saba niliowaua walikuwa na majike chungu nzima ndani yao.

8 Juni

Simu imelia nikiwa nimeshika sufuria. Niliiangusha sufuria.

"Bibi."

"Nipo."

"Nimekasirika."

"Najua."

"Bado nimekasirika. Nilikuwa nimeshampa mwalimu ile idadi. Ilibidi niende nikamwambie mbele ya wenzangu kwamba idadi yangu si ya kweli. Ameukata ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu. Amesema wewe na bibi yako mnacheza. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Angekuja anitukane mimi. Anaogopa nini?"

"Bibi!"

Nikaokota sufuria. Kisha nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtoto wala mume. Nilisema, "Nisamehe, mama." Nilisikia anavuta makamasi kule.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile? Viwavi hufa, Bibi. Wangu nilishawaua mia."

"Nilidhani hutapiga tena."

Mvua ilikuwa inanyesha kwake pia, nilikuwa naisikia. Mwishowe akauliza, "Wale watatu?"

Nikamwambia: madume wawili, kifukofuko kimoja, sanduku la bati, kufuli mbili, ufunguo kwa jirani. Akauliza kwa nini kufuli.

"Kwa ajili ya mwizi," nikasema. "Mwizi ni mimi."

10 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Kufuli aligonga ukuta kama nyumba inawaka. Nilitoka bila kiatu. Alikuwa amechungulia tunduni akaona kinatikisika, na hakufungua mpaka nifike. Nasema haki yake: hakufungua.

Tukakaa, vichwa vimegusana. Kifukofuko kilipasuka juu. Kikatoka kichwa, miguu miwili, akapumzika. Mama Kufuli akanong'ona, "Sukuma, mama, sukuma," kama mkunga. Akajivuta. Nilikuwa natafuta mabawa. Ya wale madume yalitoka yamekunjika kisha yakafunguka kama shuka. Huyu akatoka mzima, mnene, wa kahawia, akajigeuza, akapanda juu ya nyumba yake aliyotoka, akakaa. Hakuwa nayo. Pembeni vijitawi viwili tu, kama kola iliyoshonwa vibaya.

"Ni nani?" jirani akauliza.

"Ni jike."

Tulipiga vigelegele wanawake wawili wazee saa moja asubuhi. Mpita njia alisimama akauliza nani anaolewa.

11 Juni

Jana nilipompigia mjukuu, alilia kwanza. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa. Huyu ndiye atakuwa wa mfano, ambaye wengine wote wa jina lake watapimwa kwake. Kwa hiyo anatakiwa mzima, asichakae. Nimtie kwenye jokofu, mle mnamogandisha barafu, leo hii.

"Leo hapana," nikasema.

"Bibi, akitaga atapoteza manyoya."

"Na huyu ungempata wapi, kama mama yake asingetaga?"

Tumebishana. Mimi nikamwambia, kumi na saba niliwaua kwa usafi, huyu sitamuua kwa haraka. Atage kwanza. Nimemweka kwenye kikombe nyuma ya jiko alfajiri, na sikukaa hata dakika kumi madume wakaja, watatu, sijui wametokea wapi. Yeye hakusogea hata hatua moja.

13 Juni

Ametaga mayai ishirini na sita kwenye lipu. Nimekibandika kipande pale ukutani palipoota ukoga mwingi. Kisha nikamtia jokofuni, nikakaa jikoni mpaka iwe imekwisha. Mama Kufuli alikuja kukaa nami.

14 Juni

Mjukuu amesema: "Vipimo nitapima mimi. Lakini hakuna mtu duniani aliyemwona akiwa hai ila nyinyi wawili. Niambie ulichokiona, nitaandika hivyo hivyo." Basi nilimsomea hapa, naye akawa anaandika kule:

Jike. Urefu wake nusu ya punje ya mahindi. Kahawia, tumbo jeupe kidogo, manyoya ya tumboni marefu, anayanyoa kufunikia mayai. Hana mabawa, ana vijitawi viwili visivyofaa kitu. Hana mdomo, hali wala hanywi. Akitoka anakaa juu ya nyumba yake mwenyewe, haondoki. Anayemtaka humfuata. Anaishi siku tano, sita.

Wa mama mmoja: mayai thelathini na moja, waliotoka ishirini na watatu. Waliokufa wenyewe watatu. Waliouawa na mlezi kwa dawa ya nguo, kumi na saba. Waliokua watatu: madume mawili, jike moja. Mashahidi wawili.

"Bibi, nikiandika tu 'walikufa kumi na saba' inatosha."

"Andika nilivyosema."

Akaandika. Kisha akasema anataka kumpa nondo jina langu. Nikamkataza. Jina langu liko kwenye kitambulisho, linatosha. Ampe la ukuta, ndio uliomlisha.

"Haya. Basi mtie kwenye kisanduku na pamba, umtume kwa posta."

"Hatumwi."

"Bibi?"

"Sitamtia kwenye bahasha agongwe mihuri. Unamtaka, mfuate."

Nikahesabu moyoni mpaka kumi na moja.

"Bibi, una maneno wewe."

"Ninayo. Unakuja lini?"

"Ijumaa."

15 Juni

Wanane chini ya taa.

Nimeondoa chupa kwenye viti vyote na kuvifuta kwa maji matupu. Mama Kufuli atakuja Ijumaa na ufunguo wake, anataka kuonyesha yeye mwenyewe jinsi alivyolifungua sanduku. Kiti kimoja mguu unayumba. Nimekiwekea karatasi chini. Hicho nitakikalia mimi.